Kondishena na Viungo Vyake

Tone lenyewe lilikuwa dogo, halikuzidi punje ya mtama. Lilichupa kutoka kwenye chungu siku ya Jumatatu, saa nne asubuhi, likampata Singa kwenye jicho la kushoto wakati anainama kumwaga gunia la tatu.

Chungu ndivyo wafanyakazi walivyoliita pipa kubwa la chuma ambamo kondishena ya nywele ilianza kupikwa. Humo waliyeyusha nta, ambayo kwa kweli haikuwa nta, ila ililetwa kwenye magunia ya karatasi ikiwa chembe nyeupe, kama mshumaa uliokwanguliwa kwa kisu, na kwa kuwa jina lake halisi lilikuwa refu na la kigeni hakuna aliyejisumbua nalo. Nta ikishayeyuka humiminiwa maji mengi na marashi, ikapoa, ikawa ile krimu laini ambayo wanawake wa mji mzima walijipaka kichwani. Kifuniko cha chungu kilikuwa kimekatika bawaba tangu mwezi uliopita. Miwani ya kukinga macho ilikuwepo mitatu kwa watu tisa, na asubuhi ile yote mitatu ilipelekwa kwa wanaojaza chupa, kwa sababu kulikuwa na wageni wa ofisi na wageni wangepitishwa upande ule.

Singa hakupiga kelele. Alidhani ni joto tu. Alipepesa, akajipangusa kwa mgongo wa mkono, kisha jicho likaanza kuuma kwa namna asiyoijua, si kama moshi, si kama kitunguu, bali kama limekaliwa na kitu kinachokataa kuondoka.

"Maji," alisema. "Nipeni maji."

Mwenzake wa zamu, mwanamke waliyembandika jina la Kimya kwa sababu hakuwahi kunyamaza, alimkamata mkono akamkimbiza kwenye bomba la ukutani. Bomba lilikoroma, likatema hewa, likaishia hapo. Maji yalikatika tangu alfajiri. Kimya akageukia tangi la kupikia, akazamisha kopo, na hapo msimamizi akatokea.

"Hayo yamechujwa kwa ajili ya kazi," msimamizi alisema. "Chooni kuna ndoo."

Ndoo ya chooni ilikuwa nusu. Kimya alimwinamisha mwenzake, akammwagia kopo baada ya kopo mpaka ukabaki mchanga wa chini. Yote hayo hayakufika dakika nne. Waliporudi, msimamizi alimshika Singa kidevu, akamtazama kama mtu anayekagua embe sokoni.

"Limewasha kidogo, litatulia. Watu wanajipaka kitu hiki kila siku, kinawaingia machoni wakioga. Nani amekufa?"

"Wanajipaka kondishena, bosi," Kimya alisema. "Hii iliyomwingia ni nta tupu."

"Wewe nani kakuuliza?"

Singa, ameliziba jicho kwa kiganja, aliomba tukio liandikwe kwenye daftari la ajali. Msimamizi alimjibu kwa upole kabisa kwamba daftari liko ofisini, mwenye ufunguo yuko na wageni, ataandika mwenyewe baadaye. Akamwambia akae juu ya magunia matupu apumzike hadi chai. Baada ya chai Singa alirudi kwenye chungu, kwa sababu hakuna aliyemwambia asirudi, na kwa sababu siku isiyokamilika huhesabiwa siku isiyofanyika.

Jina la Singa lilitokana na nywele zake. Zilikuwa ndefu, nyeusi, laini kama zimemwagiwa mafuta, na kofia ya kazi ilishindwa kuzizuia. Wafanyakazi waliruhusiwa kuchukua chupa zenye lebo iliyopinda, naye alizitumia miaka sita. Alipoulizwa siri ya nywele zake hakuwa na maneno mengi. "Ni hii hii ninayopika," alikuwa akisema, na alisema kwa fahari.

&nbsp;

Mumewe alikuwa fundi rangi, mwenye kazi wiki hii na asiye nayo wiki ijayo. Jioni ile alimkuta mkewe amekaa kitandani ameegemeza kichwa ukutani, kitambaa chenye maji usoni.

"Linauma sana?"

"Haliumi sana sasa. Ila taa naiona mbilimbili."

"Kesho twende hospitali."

"Kesho zamu yangu."

"Nimesema twende," mume alisema, na kwa kuwa si mtu wa kukazia maneno, Singa akajua kwamba jicho linatisha kulitazama.

Daktari wa macho alikuwa mwanamke kijana aliyechoka kabla ya saa tatu asubuhi. Alimmulika jicho kwa kijitaa, akalikagua muda mrefu kuliko Singa alivyopenda.

"Lilisuuzwa kwa muda gani?"

"Kopo nane. Tisa."

"Sikuuliza kopo, mama. Dakika."

Singa alianza kuhesabu kwa vidole, akaacha.

"Haya. Kilichoingia ni nini?"

"Nta."

"Ya mshumaa?"

"Ya nywele. Ile ya kulainishia. Tunaipika kiwandani."

"Jina lake?"

Hapo Singa aliona haya, haya ya mtu aliyeishi na jirani miaka sita asijue anaitwaje. Daktari alimfunga bandeji, akampa dawa ya matone, akamwambia alete karatasi ya kiwanda inayoonyesha ile nta ni kitu gani na ina nguvu kiasi gani. "Bila hiyo," alisema, "ninakutibu kwa kubahatisha."

Kesho yake Singa alikwenda ofisi ya kiwanda na jicho lake lililofungwa. Karani alimsikiliza, akafungua droo, akamkabidhi karatasi inayong'aa, yenye picha ya mwanamke anayecheka kwa meno yote. Singa aliibeba hadi hospitali ndani ya bahasha, asije akaikunja. Daktari aliisoma kwa sauti:

"'Kiungo chetu cha kulainisha kimepimwa na ni salama. Hupunguza msokotano. Huzuia nywele kukatika. Huliwezesha chanuo kupita bila kuvuta. Kinafaa kwa nywele za aina zote.'" Aliiweka mezani. "Yote haya ni kweli. Lakini haya ni ya chupa. Mimi ninahitaji ya gunia."

"Karani amesema hii ndiyo waliyonayo."

"Basi mwambie amekupa tangazo."

Singa hakuthubutu kwenda kumwambia karani maneno hayo. Alimwambia Kimya, na Kimya, siku hiyo hiyo wakati wa kufagia, alichana lebo kwenye gunia tupu, akaikunja mara nne na kuificha ndani ya soksi. Ilikuwa na michoro miwili ndani ya alama nyekundu: mmoja mkono unaoliwa na kitu kinachodondoka, mwingine alama ya mshangao. Singa alikuwa ameiona michoro hiyo kila siku ya kazi. Alidhani ni nembo ya kampuni iliyotengeneza.

Hospitalini daktari alitafsiri maandishi yake ya kigeni mstari kwa mstari. Huunguza ngozi. Hudhuru macho vibaya. Vaa miwani na glavu. Ikiingia jichoni, suuza kwa maji yanayotiririka robo saa bila kuacha, kisha mwone daktari mara moja.

"Kwa hiyo ni sumu," mume alisema. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha mkewe.

"Usiseme sumu, baba. Mimi mwenyewe kondishena yao ninayo nyumbani. Kwenye chupa ile nta ni kidogo sana, maji ni mengi, na mtu anaisuuza ikaondoka. Hapo haina neno. Kwenye gunia ni yenyewe tupu." Akamgeukia Singa. "Unajua inafanya nini kwenye nywele?"

"Inaushika unywele, inaukalia juu," Singa alisema. Hilo alilijua vizuri. "Ndiyo maana chanuo linapita."

"Basi na kwenye jicho ilifanya hivyo hivyo. Ilishika. Ndiyo maana kopo tisa hazikutosha."

Kisha akawaeleza, akiwatazama wote wawili, kwamba kioo cha mbele cha jicho kimepata kovu jeupe. Mwanga Singa angeuona. Kivuli cha mtu anayepita angekiona. Sura ya mtu, hapana. Kulikuwa na upasuaji, lakini ulifanyika mbali na kwa watu wenye uwezo. Alisema pia kwamba kuna ofisi ya fidia kwa walioumia kazini, na kwamba yeye angewaandikia ripoti yake bila kupunguza neno.

&nbsp;

Habari haikukaa ndani. Kimya alimsimulia dada yake, dada yake akasimulia bombani, na kufikia mwisho wa wiki ilikuwa imevuliwa nguo zake zote: kondishena ile inapofusha. Hakuna tena aliyetaja gunia, kifuniko wala maji yaliyokatika.

Mitaa miwili kutoka nyumbani kwao, dada mkubwa wa mumewe alikuwa na saluni ya viti vitatu, na rafu nzima ya saluni hiyo ilijaa chupa za kondishena ile ile. Alikuwa msusi mwenye mkono mwepesi na ulimi mkali, mwanamke aliyemlea mdogo wake tangu wazazi wao walipoondoka. Nyumbani kwa Singa aliingia bila kubisha hodi, na sufuria alizifunua mwenyewe.

"Wifi, jana nimekaa tangu asubuhi," alisema, "nimepata vichwa viwili. Kimoja kilikuja kusuka tu. Nikamwambia nikuoshe, akashika kichwa kwa mikono miwili kama nataka kumkata."

"Mimi sijamwambia mtu kondishena ni mbaya, wifi."

"Najua. Ni yule Kimya wako. Lakini wateja wangu watamfuata Kimya nyumbani? Wananiuliza mimi. Wanasema, wifi yako mwenyewe amepofuka, halafu wewe unatupaka."

"Waambie ukweli."

"Ukweli ni mrefu. Nani atakaa kuusikiliza?"

Jumamosi ya wiki iliyofuata, mchana, alirudi akiwa na mtu. Alikuwa bwana mmoja wa kitengo cha mauzo, shati limenyooka, ameshika katoni ya kondishena mkononi na bahasha kwapani. Alikwenda kwanza saluni kuuliza kwa nini oda zimepungua, na wifi akamleta hapa. Alikaribishwa kiti kizuri, kile kisichoyumba. Alisema kampuni imesikitika. Alisema Singa ni kama mama wa kiwanda. Alipokuwa akisema hayo alimtazama mume, kwa maana bandeji ya Singa ilimwelekea yeye na hakujua macho ayaweke wapi.

"Jicho lina utaratibu wake," alisema. "Hilo lina watu wake, na litashughulikiwa. Mimi nimekuja kwa jambo jingine dogo. Mama, unaitumia kondishena yetu?"

"Ninaitumia."

"Muda gani?"

"Miaka sita."

"Imewahi kukudhuru kichwani? Kukutoa upele, kukukata nywele, kukuwasha?"

"Hapana. Haijawahi."

"Basi hilo tu. Wewe useme hilo, watu watakuamini kuliko tangazo lolote. Utakuwa umemsaidia huyu dada yetu, utakuwa umewasaidia wenzako kiwandani. Kwa hali hii, uzalishaji ukipungua, wa kwanza kusimamishwa ni watu wa kwenye chungu."

Alitoa karatasi. Singa aliishika, lakini jicho la kulia nalo siku hizo lilikuwa likitokwa machozi kwa kumwonea huruma mwenzake, na herufi ziliogelea. Akampa mumewe. Mume aliisoma kwa sauti ya mtu asiyezoea kusoma mbele ya mgeni, haraka haraka, bila kupumzika kwenye vituo:

"'Nimefanya kazi na kondishena hii na viungo vyake kwa muda wa miaka sita na kuitumia nyumbani kwangu, na haijawahi kunidhuru ngozi, nywele wala macho.'"

"Macho?" Singa aliuliza.

"Macho ukiwa unaoga," bwana wa mauzo alisema. "Povu likiingia. Limewahi kukudhuru?"

"Hapana."

"Ndicho kinachosemwa hapo."

Wifi alikuwa ameshika kalamu ya yule bwana, ameichukua mezani bila kutumwa. Hakuonekana mtu mbaya. Alionekana mtu asiyelala vizuri.

"Ya chupa ni kweli au si kweli?" mume alimwuliza mkewe. Aliuliza kwa nia njema. Alitaka tu jambo liishe, mgeni aondoke na dada yake apate usingizi.

"Ya chupa ni kweli," Singa alisema.

Akatia saini. Baadaye yule bwana aliomba picha moja kwa simu yake. Singa alirekebisha khanga, akainua uso, bwana akakohoa.

"Samahani, mama. Ungegeuka. Tunahitaji nywele tu."

Akageuka, akautazama ukuta. Wifi alimfungua kibanio, akamsambazia nywele mgongoni kwa vidole vya kitaalamu, na kamera ya simu ikalia mara tatu.

&nbsp;

Ofisi ya fidia ilipanga watu kwenye mabenchi tangu ukumbini hadi nje. Singa na mumewe walifika na ripoti ya daktari na lebo ya gunia. Waliambiwa waache vyote, vitolewe nakala, nakala moja ipelekwe kwa mwajiri ajieleze. Walirudi baada ya wiki tano. Afisa waliyempata alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, sauti yake ya chini, hana haraka wala dharau.

"Mwajiri amejibu," alisema. "Kwanza, daftari lao la ajali halina tukio lolote siku hiyo."

"Msimamizi alisema ataandika."

"Hakuandika. Kulikuwa na shahidi?"

"Mwenzangu wa zamu. Ndiye aliyenisuuza. Ndiye aliyeniletea hiyo lebo."

Afisa alishusha macho. "Huyo wanasema si mfanyakazi wao tena. Ameachishwa kwa kuchukua mali ya kampuni bila ruhusa. Mali yenyewe ni hii lebo."

Singa aliitazama lebo iliyokuwa mezani, mikunjo yake minne ikionekana bado. Yeye ndiye aliyeileta hapa kwa mkono wake. Kimya alikuwa hajafika nyumbani kwao wiki mbili, na Singa alidhani ni uvivu.

"La pili ndilo zito," afisa aliendelea. "Hii ni saini yako?"

"Ni yangu."

"Soma hapa."

"Nisomee, mzee. Herufi ndogo zinanishinda."

Afisa akasoma. Katika sauti yake isiyo na haraka kila neno lilipata nafasi yake, na alipofika penye "na viungo vyake" aligonga kwa kucha, mara moja. "Umesema umefanya kazi na kondishena na viungo vyake, havijakudhuru macho. Tarehe ni siku kumi na mbili baada ya ajali unayoidai."

"Nilikuwa nasema ya chupa."

"Hapa hapakuandikwa chupa. Ile nta ni kiungo, au si kiungo?"

"Ni kiungo."

"Sasa unaona."

"Lakini nilikuwa na bandeji usoni, mzee. Aliyeniletea karatasi aliiona."

"Mama, mimi nakuamini," afisa alisema, akavua miwani yake ya uzi. "Ningekuwa jirani yako ningekwenda nawe hadi kwenye geti lao. Lakini hapa sikuwekwa kuamini. Nimewekwa kusoma. Unaweza kukata rufaa. Utahitaji wakili, na utahitaji mtu wa ndani ya kiwanda aseme aliona."

Walitembea kurudi nyumbani kwa miguu. Mume alikuwa upande wa kushoto, upande asioonekana, na kwa muda Singa alimsikia kwa viatu tu, viatu vyake vya kazi vilivyokaukiwa na rangi.

"Mimi ndiye niliyekusomea," alisema mwishowe.

"Ulisoma."

"Nilisoma yote. Sikuruka hata neno."

"Hukuruka."

"Mbona basi hukuniambia nisimame penye hilo neno?"

"Uliniuliza ni kweli au si kweli," Singa alisema. "Nami nikajibu ulichoniuliza."

Mume alizunguka nyuma yake. Alihamia upande wa kulia, ili aonekane, lakini Singa alikuwa anatazama njia.

Siku ya pili alikwenda kwa Kimya. Alimkuta amekaa mlangoni anachambua mchele wa kutosha watu wawili, na katika nyumba ile watu walikuwa sita. Singa alikaa karibu naye, akasema aliyokuja kuyasema: kwamba hakujua, kwamba aliipeleka lebo kwa nia ya haki, kwamba anaomba radhi. Kimya aliendelea kutoa vijiwe.

"Sina la kusema," alisema. Na kwa mara ya kwanza tangu wajuane, hakusema.

Kiwandani nako Singa alikwenda, kwa sababu likizo yake ya ugonjwa ilikuwa imeisha. Alikuta chungu kimefungwa kifuniko kipya, na ukutani, kwenye misumari tisa, imetundikwa miwani tisa mipya bado ikiwa kwenye plastiki. Mwanamke asiyemfahamu alikuwa anamwaga gunia, uso wake umekingwa, mikono yake ndani ya glavu ndefu. Kazi ilikuwa nzuri kuitazama.

"Wakaguzi walipita," msimamizi alisema. "Uongozi umejali sana usalama."

"Nimepangiwa zamu gani?"

"Ningependa kukurudisha, Singa. Lakini taratibu mpya zinasema kwenye chungu asimame mtu mwenye macho mawili. Ni kwa usalama wako."

&nbsp;

Aliyempa kazi ni wifi. Hakusema kwamba anafidia kitu, wala Singa hakumwuliza. Alimwambia tu kwamba saluni imerudi kujaa, yule msichana wa kuosha vichwa ameolewa, na kwamba kwenye sinki mtu anafanya kazi kwa vidole zaidi kuliko macho. Ilikuwa kweli saluni imejaa. Ile karatasi yenye saini ilibandikwa kwenye maduka ya vipodozi, na fununu ikafa kwa urahisi ule ule iliozaliwa nao.

Singa aliosha vichwa vizuri. Alijua maji ya kiasi gani, alijua kondishena ianzie kwenye ncha na si kwenye ngozi, alijua kulegeza fundo bila kuvuta. Wateja walimsifu. Wengi hawakuuliza kuhusu jicho. Walilala kwenye sinki, wakafumba macho yao, na Singa akawa mikono miwili na maji ya vuguvugu.

Alasiri moja aliingia mwanamke aliyevaa sare ya benki, mteja wa mara ya kwanza. Alilaza shingo kwenye sinki, akamtazama Singa kutoka chini, uso kwa uso, karibu sana.

"Dada, jicho limepatwa na nini?" aliuliza. Aliuliza kwa upole, kama mtu anayejali.

Wifi alikuwa anasuka kichwa kingine kwenye kiti cha pembeni. Hakugeuka. "Alizaliwa nalo hivyo," alisema, akaendelea kugawa nywele kwa mkia wa chanuo.

Mikono ya Singa ilisimama. Aliinua uso, akamwona wifi yake kwenye kioo, naye wifi alimwona. Kichwa kilichokuwa kinasukwa kilitulia, kana kwamba nacho kinangoja.

"Sikuzaliwa nalo," Singa alisema. "Niliumia kazini."

Akamweleza. Hakuinua sauti, wala hakufupisha. Alieleza nta na gunia, kifuniko, bomba lililotema hewa, kopo tisa na robo saa iliyotakiwa. Alieleza karatasi aliyoisaini na neno lililokuwa katikati yake. Alimtaja mwenzake aliyefukuzwa kwa kipande cha lebo, akasema kwamba yeye ndiye aliyemponza. Hakumtaja mumewe, wala aliyeshika kalamu. Saluni nzima ilisikia. Wifi alikuwa ameacha kusuka, vidole vimeshikilia msuko mmoja ulioishia nusu, na aliutazama msuko huo tu.

Mteja alikuwa amefumbua macho muda wote. Machozi yalimlengalenga.

"Pole sana, dada yangu," alisema. "Watu hawana utu. Hata senti hawakukupa?"

"Hawakunipa."

"Inasikitisha kweli." Akapandisha mkono, akagusa nywele zake zilizolowa. "Na hii uliyonipaka, ndiyo hiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo. Lakini hii ni ya chupa."

"Kwa hiyo haitanidhuru?"

"Haitakudhuru. Inalainisha tu."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika."

Mwanamke alishusha pumzi, akaiweka shingo yake sawa kwenye sinki, akafumba macho.

"Basi niongeze nyingine, uiache ikae kidogo," alisema. "Zangu zimekauka mno."

Singa alichota nyingine kiganjani, akaipaka kuanzia kwenye ncha, polepole, na mkono wa pili akauweka juu ya paji la uso la mteja, isije ikamwingia machoni.